Shajara ya vichanja 40: hesabu ya vibarua, Igombe, Agosti hadi Novemba 2024

Jumamosi, 3 Agosti

Leo tumepima kiwanja. Ni pale Igombe, hatua kama mia mbili kutoka mwaloni, pale mitumbwi ya uvuvi inapofikia, eneo ambalo mjomba alituachia na ambalo kwa miaka lilikuwa la mbuzi. Mpango ni vichanja 40 vya kuanikia dagaa, kila kimoja mita kumi kwa mita moja na nusu, nguzo za mirunda, juu nyavu kuukuu. Sababu ya vichanja haihitaji maelezo kwa mtu wa huku. Dagaa wa kuanikwa chini anauzwa pamoja na mchanga wake, na mteja wa siku hizi amechoka kusaga mchanga mezani.

Bajeti ya nguvukazi niliiandika mimi. Mafundi wawili kwa 25,000 kwa siku, saidia fundi wanne kwa 12,000, siku 15. Jumla shilingi 1,470,000. Ukigawa kwa vichanja 40 unapata 36,750 kwa kichanja. Dada, ambaye ndiye anashika hela, aliisoma mara mbili akauliza, "Na wewe unaamini hii?" Nikamwambia bei za siku zinajulikana Mwanza nzima, hakuna cha kuamini wala kutoamini.

Naiacha sentensi hiyo hapa kama nilivyoisema.

Jumapili, 11 Agosti

Wiki ya kwanza imekwisha. Vichanja vilivyosimama: tisa. Kwa mpango wangu vilipaswa kuwa 16.

Fedha iliyotoka, kwa daftari la dada:

Ujira wa siku sita, 588,000. Nyongeza ya Nane Nane, 98,000. Chai na chakula cha mama lishe, watu sita kwa 3,500, siku sita, 126,000. Nauli za mafundi kutoka Nyakato, 36,000. Makoleo mawili, tairi la toroli, nyundo na msumeno, 74,000. Jumla 922,000. Kila kichanja kimekula zaidi ya 102,000 ya nguvukazi peke yake, karibu mara tatu ya nilichoandika.

Hiyo ya Nane Nane ilinichoma. Alhamisi asubuhi nilifurahi kuona wote wamefika, nikajua ni watu wa kazi. Jioni fundi mzee akaja pembeni, kwa heshima kabisa: "Mwanangu, leo ni sikukuu ya taifa, tunahesabu mbili." Nikaanza kubishana. Dada akanivuta shati. Usiku nikafungua Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, na mzee yuko sahihi: kazi ya siku ya sikukuu hulipwa mara mbili ya ujira wa msingi. Saa za ziada siku za kawaida ni mara moja na nusu. Saa za kawaida haziruhusiwi kuzidi tisa kwa siku na 45 kwa wiki. Nimefanya biashara miaka sita bila kuifungua sheria hii hata ukurasa mmoja.

Kilichotuchelewesha ni mawe. Mtu ambaye hajawahi kuchimba shimo Mwanza anaona miamba ya pale ziwani, anapiga picha, anaondoka. Sisi tunaikuta sentimita 20 chini ya udongo. Mashimo mengine yalihamishwa mara tatu.

Jumapili, 18 Agosti

Vichanja 10 wiki hii, jumla 19. Fedha 812,000. Ndani yake kuna zahanati, 38,000, na kibarua wa kuziba nafasi siku mbili, 24,000, kwa sababu Jumanne kijana mmoja alikanyaga msumari uliopenya ndala. Siku zake mbili za kukaa nyumbani nililipa pia. Aliyemruhusu kuingia saiti na ndala ni mimi.

Kwa hiyo tumeshatumia 1,734,000. Bajeti yote ya nguvukazi imekwisha na ziada juu, na kazi haijafika hata nusu.

Kuanzia Jumatano dada aliongeza safu kwenye daftari, akaiita "mikono ilikuwa inafanya nini". Kila nusu saa anaandika. Siku nne za safu hiyo zimenifundisha kuliko bajeti yangu. Katika saa tisa, watu walikuwa wakifanya kazi yenyewe kwa wastani saa tano na nusu. Zilizobaki hazikuwa uvivu. Walikuwa wanasubiri mirunda ambayo gari lake lilikwama Igoma, wanasubiri misumari ya nchi nne, wanasubiri maji, na, mstari uliojirudia zaidi, "wanamsubiri bosi aamue". Bosi ndiye mimi. Jumatano nilikwenda benki mjini nikarudi saa nane mchana, na hakuna aliyejua safu ya tatu ianzie wapi.

Nilimuuliza fundi mzee kwa nini hakuanza tu. Akacheka.

"Siku yangu wewe unainunua alfajiri, mwanangu. Ukichelewa na misumari, siku imeshauzwa."

Nimefikiria neno hilo tangu juzi. Nilikuwa nahesabu bei ya mtu. Ninachonunua hasa ni siku, na siku hiyo ikijaa au ikiwa tupu bei yake ni ileile. Ujira wa 25,000 ukigawa kwa saa tisa ni kama 2,780 kwa saa. Ukigawa kwa saa tano na nusu ni 4,545. Fundi hajapandisha bei. Nimeipandisha mimi kwa kwenda benki.

Alhamisi, 22 Agosti

Tumebadili utaratibu. Fundi mzee amekubali kuichukua kazi iliyobaki, vichanja 21, kwa kupatana. Atakuja na watu wake na vifaa vyake, ataingia saa anazotaka. Vifaa vya ujenzi juu yetu. Tulianzia 35,000 kwa kichanja, yeye 45,000, tukakutana 40,000. Jumla 840,000.

Halafu ikaja kodi. Kampuni yetu ndogo imesajiliwa, kwa hiyo tukimlipa mtu kwa huduma tunapaswa kuzuia asilimia 5 na kuipeleka TRA, mamlaka ya mapato. Nilipomweleza aliniangalia kama ninayemwibia mchana kweupe. "Tumepatana laki nane na arobaini. Hiyo nyingine malizana na serikali yako." Tukaandika mkataba wa 884,000. Tunazuia 44,200, yeye anapata 839,800, na mia mbili iliyopungua nikampa mkononi. Kwenye karatasi kodi ni yake, ila mfukoni imetoka kwetu. Mtu yeyote anayeajiri kwa kupatana na fundi ambaye hajazoea kukatwa aihesabu hiyo mapema.

Rafiki yangu mwenye gereji alinipigia jioni akanipongeza. "Umetoka kwenye matatizo ya ajira. Wote waite wakandarasi tu." Si hivyo. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inasema mtu atachukuliwa kuwa mwajiriwa ikiwa hata jambo moja katika orodha yake lipo: unamwamulia namna ya kufanya kazi, unampangia saa, ni sehemu ya taasisi yako, amekufanyia kazi wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anakutegemea wewe kiuchumi, unampa zana, au anafanya kazi kwako peke yako. Jina la karatasi halitazamwi. Fundi mzee ana kazi nyingine mbili Buswelu, ana vifaa vyake, anakuja anapotaka. Nadhani huyo ni mkandarasi kweli. Wale vijana wa wiki mbili za kwanza, niliowapa makoleo na kuwaambia waingie saa moja, hawakuwa wakandarasi hata kidogo.

Jumanne, 3 Septemba

Vichanja 21 vimekwisha kwa siku nane. Siku nane! Fundi yuleyule, mawe yaleyale. Misumari haikuisha hata mara moja, maana mzee alikuwa akinipigia saa kumi na mbili jioni kunitajia mahitaji ya kesho. Siku zangu hakuwahi kunifanyia hivyo, na sikuwahi kumwomba.

Hitilafu zipo. Leo nimepita na fimbo yenye alama nikakuta vichanja sita vyenye nguzo zilizochimbiwa chini ya sentimita 30, pale mwamba ulipokuwa karibu. Kwa malipo ya siku mtu huhamisha shimo. Kwa kupatana hukata nguzo ikawa fupi, na kwa macho huoni tofauti. Mzee alishalipwa yote. Aliona aibu, akaja kurekebisha, ila kwa ujira wa siku: yeye na kijana mmoja, siku tatu, pamoja na chakula, 132,000. Sikubishana. Mkataba wetu ulikuwa na bei na idadi, haukuwa na kina cha shimo.

Jumla ya sehemu ya kupatana, ukiacha ile mia mbili: 1,016,000, yaani kama 48,400 kwa kichanja. Jumla ya nguvukazi ya vichanja 40: 2,750,000. Wastani 68,750. Dada ameibandika bajeti yangu ya Agosti ukutani stoo.

Jumatano, 18 Septemba

Mwezi mpevu. Mwaloni kumetulia, mitumbwi imepandishwa, vijana wanashona nyavu. Wavuvi wa dagaa wanafanya kazi gizani na taa zao. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawavutwi na taa, na wengi hupumzika mpaka mwezi uanze kuchelewa kutoka. Kwa hiyo kazi ya kuanika ina kalenda yake isiyofanana na ya benki wala ya serikali.

Hii ndiyo inayoniumiza kichwa sasa, maana awamu ya pili ni watu wa kuanika: kuosha, kumwaga, kugeuza, kukusanya. Nikiwalipa kwa mwezi nalipia mbalamwezi. Nikiwalipa kwa siku wao ndio wanaolala njaa siku hizo. Mtu mmoja lazima abebe mwezi mpevu.

Jumapili, 13 Oktoba

Giza la kwanza limekwisha, 22 Septemba hadi jana. Siku za kazi 18, akina mama wanane, 10,000 kila mmoja mkononi. Ujira 1,440,000. Ndoo mbichi zilizopokelewa 1,130. Kwa hesabu hiyo ndoo moja ni 1,274, na ndiyo namba niliyompa mteja wetu wa Dodoma kama gharama ya kuanika.

Lakini wastani huo haukutokea siku hata moja. Siku nzuri kuliko zote tulipokea ndoo 110, ikawa 727 kwa ndoo. Siku mbaya tulipokea 12, na wanane wamekaa wanasuka ukili, ikawa 6,667.

Tarehe 9 mvua ilitukuta saa tisa mchana na ndoo 64 juu. Tulikusanya nusu. Nusu nyingine ililowa, ikageuka rangi, tukaiuza kwa watu wa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Nilipotoa wazo la kulipa kwa ndoo iliyokauka tu, mama mmoja mtu mzima, yule tunayemwita mayu, aliweka beseni chini.

"Mvua si mimi niliyeileta, baba."

Hilo likaishia hapo.

Jumatatu, 14 Oktoba

Siku ya Nyerere, hakuna kazi, nimekaa na kikokotoo. Akina mama hawa wamepita saa 45 kwa mwezi, zana ni zetu, saa tunapanga sisi. Hata tukiwalipa kwa ndoo ni waajiriwa. Rafiki wa gereji kasema niwaandikie mikataba ya miezi mitatu mitatu. Nimesoma kifungu cha 14 cha Sheria ya Ajira, kama kilivyokuwa 2024: mkataba wa muda maalumu uliwekwa kwa wataalamu na kada ya mameneja. Mwanikaji dagaa hakuwamo. Na mtu aliyefikisha miezi sita, ukimwachisha ovyo akaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, kwa sheria ya 2024 fidia ya kuachishwa isivyo halali haikupungua mishahara ya miezi 12. Rafiki alinyamaza kidogo kwenye simu, halafu akaniuliza kifungu namba ngapi.

Sasa 10,000 ya mkononi inagharimu nini? Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya ujira, nusu ya mwajiri, nusu ya mfanyakazi. Akina mama wamesema wazi wanataka elfu kumi yao kamili, kwa hiyo ujira wa kuandika ni 11,111 ili ukikata asilimia 10 ibaki 10,000. Juu yake mwajiri anaweka 1,111 ya NSSF. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, asilimia 0.5, shilingi 56, na huo haukatwi kwa mfanyakazi. Jumla 12,278. Chakula 3,000. Tumefika 15,278. PAYE, kodi ya mshahara, hakuna, kwa kuwa hawafiki 270,000 kwa mwezi. Bado likizo: siku 28 kwa mwaka ni karibu asilimia 8 ya mwaka, na wafanyakazi wa msimu nao wanayo haki hiyo.

Ile 56 ya WCF nimeitazama sana. Msumari wa Agosti ulinitoa 62,000 kwa siku mbili.

Kitu kingine ambacho sikukijua ni mtu wa kumi. Tozo ya ujuzi, SDL, inaanza mwajiri akiwa na wafanyakazi kumi, asilimia 3.5 ya ujira wa wote, siyo wa huyo aliyeongezeka tu. Nilitaka kuongeza mtunza stoo kwa 200,000. Tuko tisa pamoja na mlinzi, na ujira wetu wa mwezi ni kama 1,900,000. Akiingia yeye: NSSF 20,000, WCF 1,000, SDL 73,500 ya watu wote. Mtu wa 200,000 anagharimu 294,500. Funguo za stoo atazishika dada.

Jumamosi, 19 Oktoba

Kikao na akina mama chini ya mwembe. Pendekezo letu la kwanza: 6,000 ya kufika, na 400 kwa kila ndoo mbichi, inagawanywa kwa waliokuwepo. Nililifanyia majaribio kwa giza lililopita, likatoa 1,316,000. Nilikuwa nimejipongeza kimyakimya kwa kuokoa 124,000. Mayu hajui kutumia kikokotoo, lakini alikaa na vijiti chini, akasogeza sogeza, akasema, "Hii inatupunguzia." Wastani wao ungekuwa 9,139. Vijiti vilikuwa sahihi.

Tukaishia 6,500 na 450. Kwa giza lilelile inatoa 1,444,500, yaani 4,500 zaidi ya tulichokuwa tukilipa. Dada akaniuliza faida iko wapi. Faida ni kwamba siku ya ndoo 110 mtu anatoka na kama 12,690 na ana sababu ya kukimbizana na wingu, na siku ya ndoo 12 hatuhitaji wanane. Wenye mitumbwi wanapiga simu alfajiri wakiwa bado majini kutaja mzigo. Wawili watakuwa wa kudumu, sita wataitwa kwa zamu kulingana na simu hiyo. Akiitwa, 6,500 ni yake hata mitumbwi ikirudi mitupu.

Usajili wa NSSF na WCF umekamilika wiki hii. Wawili wa kudumu wamepewa barua.

Jumapili, 10 Novemba

Giza la pili, 21 Oktoba hadi jana. Vuli imeshika. Ndoo 1,020. Siku-watu 117, badala ya 144 kama wangekuja wote wanane kila siku. Siku moja upepo ulirudisha mitumbwi yote, tukalipa za kufika bila dagaa hata mmoja. Zilizolowa: ndoo tisa.

Malipo ya mkononi: 760,500 za kufika na 459,000 za ndoo, jumla 1,219,500. Ujira wa kuandika, 1,355,000. NSSF ya mwajiri, 135,500. WCF, 6,775. Chakula, 351,000. Jumla 1,848,275. Ndoo moja, 1,812, na likizo bado sijaiweka.

Ile 1,274 niliyompa mteja haikuwa na chakula, haikuwa na NSSF, haikuwa na kitu. Nimempigia leo. Amelalamika, kisha akauliza kama dagaa bado hawana mchanga. Tumekubaliana bei mpya ianze mzigo wa Desemba. Wa Novemba hasara ni yetu.

Jumamosi, 16 Novemba

Mbalamwezi tena. Wawili wa kudumu wanaziba nyavu zilizotoboka, mayu akiwa mmoja wao. Mwaloni hakuna mtumbwi majini.

Fundi mzee amekuja kuhusu stoo ya tofali. Amepima kwa hatua, akataja bei yake, nikataja yangu. Kabla ya kuandika nikamuuliza maji ya kuchanganyia ni ya nani. Ya kwako. Saruji ifike lini? Ijumaa jioni, siyo Jumatatu asubuhi. Msingi kina gani? Akafikiri, akasema mpaka mwamba, na mwamba ukiwa juu anipigie kabla hajamwaga zege. Kodi? Akacheka, akasema ameshaiweka ndani ya bei safari hii. Nikaandika yote. Mwisho nikaandika kwamba sehemu moja ya kumi ya fedha itabaki kwetu mpaka paa lipigwe na mvua kubwa moja bila kuvuja.

Akaisoma karatasi taratibu, kidole juu ya mstari wa mwisho.

"Na mvua isiponyesha, mwanangu?"

Tukaongeza: au siku thelathini, lolote litakalotangulia. Akatia sahihi.